Mkuki-Shoka Nilioubadilisha kwa Punda

Mnanijua mimi si mtu wa kuona haya ovyo. Nimewahi kuteleza kazini na trei nzima ya uji mbele ya bosi na wageni wake, nikainuka, nikajipangusa, maisha yakaendelea. Lakini hili nitakalowaambia leo sijalisimulia hata kwa mama yangu kule Voi, na yeye nikimpigia simu humweleza kila kitu mpaka nilichokula jana. Nikilikumbuka nikiwa peke yangu jikoni husikia masikio yanachemka, naacha kuosha vyombo, nasimama tu nimeshika sufuria kama mtu aliyesahau alichokuwa akifanya. Kwa hiyo msinicheke mapema. Kuna mahali pa kucheka, na kuna mahali nitaomba mnyamaze kidogo.

Mnamkumbuka Baraka, yule Mkongomani mpole ninayefanya naye kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee kule Penrith, huku ughaibuni. Baraka ana mchezo wake wa Jumamosi mchana, na si bao wala karata. Mnakaa mezani, yeye anasimulia hadithi ya zamani za mapanga na ngome, na kila mmoja wenu ana mtu wake ndani ya hadithi ile, ndiye anayemsemea na kumwamulia, na ukitaka mtu wako afanye jambo gumu, tuseme kuruka ukuta au kupiga adui, unarusha dadu, dadu ndiyo inayosema kama ameweza au ameanguka. Ni hivyo tu. Watu wazima na ndevu zao wanakaa saa nzima wakibishana jinsi ya kuvuka mto ambao haupo.

Walikuwa wamepungukiwa na mtu mmoja. "Dada Wakesho, kuja tu," Baraka aliniambia tukibadilisha mashuka ya wazee. "Tunachezaka kwa Kiswahili. Utapumzisha kichwa."

Hapo ndipo aliponipata, kwenye kupumzisha kichwa, kwa sababu ukishinda wiki nzima unasema Kiingereza cha dawa na cha ripoti na cha kuomba radhi, ifikapo Jumamosi ulimi unataka kuvua viatu. Nikakubali.

Mchezo ulikuwa nyumbani kwa Maman Furaha, St Marys, kwenye veranda ya nyuma inayotazama uwanja wenye nyasi na kamba za nguo. Maman Furaha ni mama wa makamo aliyeletwa huku pamoja na watoto wake kutoka kambi ya wakimbizi miaka mingi iliyopita, mtu wa maneno machache na mafuta ya mawese mengi. Mwanawe Safari, anayeendesha foklifti kwenye ghala, alikuwa mmoja wa wachezaji. Mwingine alikuwa Kevo, Mkenya mwenzangu, mwanafunzi, kijana wa kelele. Nami. Baraka ndiye msimulizi.

Baraka akanipa karatasi iliyotiwa ndani ya plastiki. "Huyu ndiye mtu wako. Anaitwa Simama."

Nikaisoma. Mwandiko ulikuwa mkubwa, umepinda, herufi zinapandiana. Na mimi (nisameheni, naanza kuona haya) nikasema kwa sauti, "Nani aliandika hivi, alikuwa amepanda lori?" Kevo akacheka. Baraka akakohoa. Safari alikuwa anapanga dadu zake kwenye mstari, akaendelea kuzipanga.

Halafu nikafika kwenye silaha, nikasema, "Ana mkuki."

"Haiko mkuki," Safari akasema. Hiyo ndiyo mara ya kwanza alinisemesha. "Mkuki inachoma tu. Hii inachoma na ncha, inakata na shoka, na huku nyuma iko na ndoano ya kuvuta mutu juu ya farasi. Hii ni mkuki-shoka."

Akafungua kitabu chao cha mchezo akanionyesha, na jamani, kumbe Wazungu wa kale walikuwa na silaha za mpini mrefu za kila namna, kurasa kwa kurasa, nyingine kama panga lililofungwa kwenye mti, nyingine kama mundu, nyingine kama uma wa kupindulia nyama, na kila moja ina jina lake na tabia yake, ambazo kwetu sisi zote tungeziita mikuki tukaenda kulala. Niliuliza faida ya kubeba mti mrefu kuliko mlango ni nini. Baraka akanieleza kwa subira, kama anavyowaeleza wazee wetu kwa nini wameze kidonge.

"Urefu ndio kazi yake. Mwenye upanga anampiga aliye mbele ya pua yake. Wewe unampiga aliye mbali kidogo. Kwa hiyo hausimame mbele. Safari anasimama mbele na ngao, wewe uko nyuma yake, unapitisha mkuki-shoka juu ya bega lake. Adui hajamfikia Safari, wewe umeshamfikia adui."

"Kwa hiyo mimi ni mlinzi wake."

"Ndiyo," Baraka akasema, akamtazama Safari haraka akaondoa macho.

Jumamosi ya kwanza ilikwenda vizuri, nilipiga watu kadhaa juu ya bega la Safari nikajiona shujaa, nikarudi Blacktown kwenye treni nikitabasamu peke yangu.

Ya pili ndiyo iliyoniua. Siku hiyo hadithi ilitupeleka chini ya ardhi, kwenye vichochoro vya mawe, na kila kona tukipinda Baraka ananiuliza, "Na mpini wa Simama unapitaje hapa?" Nami niseme ameulaza, halafu Baraka anauliza ameulaza vipi na mbele kuna ngazi, nirushe dadu, dadu inanitupa, mpini unagonga dari, popo wanaamka, sote tunakimbia. Ikatokea tena. Kevo alikuwa amelala juu ya meza kwa kicheko. Mpaka tukatoka kwenye mwanga, tukakuta soko la barabarani, na kwenye soko hilo mchuuzi mmoja ana punda.

Sijui niliingiwa na nini. Nilimtaka yule punda. Nilimwona kabisa, masikio yake na mzigo wake.

"Mchuuzi anataka nini?" nikauliza.

"Anataka chuma," Baraka akasema. "Chuma kizuri."

Nikasema, "Basi achukue huu mti wangu. Simama amechoka kugonga dari."

Baraka akaweka kalamu chini. "Dada, uko na uhakika?"

"Uhakika kabisa. Nipeni punda wangu."

Baraka alimtazama Safari. Safari hakuinua macho. "Ni mutu wake," akasema. "Afanye vile anataka."

Mtu mwenye akili angeisikia ile sauti. Mimi nilikuwa nafikiria jina la punda.

Hatukwenda mbali. Tulifika darajani, daraja jembamba la mawe, na maadui wakatokea upande wa pili. Safari akamsimamisha mtu wake katikati ya daraja na ngao, mahali ambapo ni mmoja tu anaweza kupita, mahali walipozoea kusimama, akasema, "Niko mbele," halafu akangoja. Wote wakanigeukia.

"Mimi nina kisu," nikasema. "Na punda."

Kisu hakifiki popote, hamhitaji kitabu kulijua hilo. Baraka akarusha dadu za maadui, akarusha tena, kila mara anazitazama kana kwamba anatamani zibadilike, na mtu wa Safari akaanguka darajani peke yake, mimi niko nyuma yake nimeshika kamba ya mnyama.

"Aki sister, umetuuza," Kevo akasema, "na umetuuza kwa punda!"

Kila mtu alikuwa ananitazama na nikaona nijitetee kwa utani, kama nifanyavyo siku zote nikibanwa, nikainua ile karatasi ya plastiki juu nikasema kwa sauti kubwa, "Basi mwenye mkuki wake si aje auchukue mwenyewe! Yuko wapi huyo bwana? Amelala wapi, anatuachia mizigo yake tumbebee?"

Maman Furaha alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa ameshika sahani ya makemba, zile ndizi za kukaanga, zinatoa moshi. Sijui alikuwa amesimama hapo tangu lini. Akaja, akaiweka sahani mezani taratibu, katikati ya dadu, akasema, "Kuleni. Ingali moto." Akarudi ndani.

Safari akainuka. Akashuka uwanjani, akaanza kuanua nguo kwenye kamba, shati moja baada ya jingine, anazikunja mkononi. Zilikuwa mbichi. Zilikuwa zinadondosha maji kwenye viatu vyake.

Hata Kevo hakula.

Baraka alinipeleka stesheni kwa gari lake na hakuwasha redio. Tulipofika akazima injini akaniambia. Simama alikuwa mtu wa Dodo. Dodo alikuwa kaka yake Safari, mtoto wa kiume wa kwanza wa Maman Furaha, na figo zilimuua mwaka uliopita. Ile karatasi aliiandika akiwa kwenye mashine ya kusafisha damu, hospitalini, kwa mkono wa kushoto, kwa sababu ule wa kulia ndio uliokuwa na sindano.

Nilibaki nimeshika mkanda wa gari.

"Mbona hamkuniambia?"

"Safari alikataa. Alisema tukikuambia utamwogopa Simama, utamtembeza kama mgonjwa. Alitaka atembee tena na mutu mwenye anacheka." Baraka akashusha pumzi. "Mchezo wote Dodo alikuwaka nyuma yake. Kila akipitisha ule mkuki-shoka juu ya bega ya Safari alisemaka, 'Niko nyuma yako.' Tulikuwa tunamchekelea. Sasa wewe ukauza."

Niliingia kwenye treni, zile zetu za ghorofa mbili, nikakaa ghorofa ya chini, kule kwenye madirisha yanayolingana na miguu ya watu waliosimama stesheni.

Sasa mtu mzima aliyekosea anafanya nini? Anapiga simu. Anasema nimekosa. Mimi nilizima sauti ya kundi letu la WhatsApp, nikaapa sitalifungua mpaka niwe nimerekebisha mambo. (Likumbukeni hili la kundi.) Kazini nako sikumkuta Baraka, alikuwa amechukua likizo, sikuuliza ya nini. Nikabaki na aibu yangu peke yangu, na aibu ikikaa peke yake na mtu inampa mawazo ya ajabu. Yangu yalikuwa kwamba, kwa kuwa niliwapotezea mkuki-shoka, nitawarudishia. Wa kweli. Wa kushika mkononi.

Nilikwenda Cabramatta nikatafuta duka la vifaa vya bustani, mzee mmoja wa Kivietinamu akanichagulia mwanzi mrefu, mnyoofu, akauliza kama ni wa maharagwe, nikasema ndiyo. Nyumbani nikakata kichwa cha shoka kwenye boksi la friji, nikakibandika tabaka juu ya tabaka, nikakifunika kwa karatasi ya fedha ya kuokea nyama, nikaipiga pasi kwa kijiko mpaka ikang'aa kama chuma. Ndoano nilikunja kwa waya wa hanga la koti. Nilitumia jioni zangu zote. Binti yangu akasimama mlangoni akatazama, akaniambia kwa Kiingereza chake, maana Kiswahili anakisikia tu, nisithubutu kutoka nje ya nyumba na kitu hicho. Nikamwambia kuna mambo mtoto hawezi kuyaelewa. Alikuwa ameyaelewa yote.

Ya treni siwezi kuyamaliza. Niliupitisha mwanzi ndani kwa ulalo, nikadhani umeingia wote, milango ikafungwa ikaubana kwa nje, ikafunguka, ikafungwa, ikafunguka, watu wanatazama saa zao, na mlinzi wa treni akatangaza kwenye spika za mabehewa yote kwamba yule mama mwenye, akasita, mwenye kitu kirefu, tafadhali akivute ndani ili tuondoke. Watu walinipisha nafasi. Walinipisha nafasi kubwa sana. Mwanamume mmoja alipanda ghorofa ya juu na mtoto wake. Nami nilikuwa nimesimama wima na shoka langu linametameta, moyoni najiambia, vumilia Wakesho, ukifika kwao wataelewa.

Barabara yao ilikuwa imejaa magari. Nikafikiri jirani ana sherehe. Nilipitia geti la pembeni kama tulivyozoea, nikasikia kimya kule nyuma, nikajua tayari wamekaa wananingoja, nikainua mkuki-shoka juu kwa mikono miwili, nikakata kona ya nyumba, nikapaza sauti yangu yote:

"Niko nyuma yako!"

Jamani. Hapa ndipo niliposema mnyamaze.

Uwanja ulikuwa umejaa watu wamekaa kwenye viti vya plastiki, wamevaa nguo za kanisani, wameinamisha vichwa. Katikati kulikuwa na turubai, chini yake meza yenye kitambaa cheupe, na juu ya kitambaa picha ya mwanamume anayefanana na Safari. Mchungaji alikuwa amenyoosha mikono, anaomba. Ilikuwa siku ya kumaliza kilio cha Dodo, mwaka mmoja umetimia, na Baraka alikuwa ameandika kwenye kundi kwamba Jumamosi hii hakuna mchezo, kuna ibada, na kwamba Maman Furaha amesema hata dada Wakesho aje. Hata mimi. Nilikuja kuisoma baadaye.

Lakini si hilo linaloniamsha. Kinachoniamsha ni kile nilichokiona vichwa vilipoinuka. Wale wazee hawakuona boksi la friji. Waliona mtu amekata kona ya nyumba ameinua kitu cha kukata anapiga kelele. Mzee mmoja alitupa kiti nyuma akaangukia uzio. Mama kijana alijilaza juu ya mwanawe, mwili mzima, bila sauti, kama mtu anayefanya jambo ambalo mwili wake unalijua. Bibi mmoja aliyekuwa na fimbo aliiacha fimbo akakimbia. Na mtu fulani akaita neno moja kwa lugha yao, sikulijua lile neno, lakini nilijua maana yake, na mngekuwepo nanyi mngeijua.

Mimi nilikulia Voi. Watoto wenzangu waliogopa tembo. Sikuwa nimefikiria, siku zote zile za kubandika na kung'arisha, sikufikiria hata mara moja wale ni watu gani na vita gani viliwakimbiza hadi wakafika St Marys.

Nikataka kuushusha haraka. Ndoano ya hanga ikanasa ukingo wa turubai. Nikavuta. Usiku kulikuwa kumenyesha na maji yalikuwa yamejikusanya pale juu, nami nilivuta tena kwa hofu, turubai likainama, maji yote yakamwagika juu yangu na juu ya meza, juu ya kitambaa, juu ya Biblia na viatu vya mchungaji, na picha ya Dodo ikaanguka kifudifudi kwenye nyasi.

Mtoto mmoja alikuwa analia.

Safari alikuja. Nilidhani atanipiga na ningemwacha anipige. Akaunasua ule waya kwenye turubai taratibu, akauchukua mkuki-shoka mikononi mwangu, akautazama, ule mpini, ile ncha, ndoano nyuma, kila kitu mahali pake, na uso wake ukafanya kitu ambacho sitaki kukieleza. Halafu akawageukia wazee. Akashika lile shoka langu kwa viganja viwili akalikunja, likakunjika, akalipasua katikati, maboksi yakatokea.

"Ni karatasi," akasema. "Muone. Ni karatasi tu. Mukae." Akazunguka nalo kiti kwa kiti, kama mtu anayepitisha maji ya kunawa, kila mzee akaligusa kwa mkono wake. "Ni karatasi, tate. Shika. Ni karatasi."

Maman Furaha aliokota picha, akaifuta kwa upindo wa kitenge chake, akaisimamisha tena juu ya kitambaa kilicholowa. Akaniona nimesimama. "Kaa," akaniambia. Nikakaa, kiti cha kwanza nilichokiona, maji yakinichuruzika. Mchungaji akafumba macho, akaanza tena sala yake mahali ilipokatika.

Baada ya sala ilikuwa zamu ya watu kumsema Dodo. Mchungaji akasema kwa upole kwamba kwanza yule dada aliyekuja aeleze kile kitu kilikuwa nini, ili watu wasirudi nyumbani na hofu. Nikasimama. Nikafungua kinywa. Mimi Wakesho, mnanijua kwa maneno, sikupata hata moja. Nilisema "mchezo", nikasema "samahani", nikaanza kulia kama mtoto aliyekojoa darasani.

Safari akasema, "Kaa, dada. Nitasema mimi."

Akawaambia. Alisema kwamba yeye na kaka yake na Baraka walikuwa na mchezo wa hadithi, na kwamba silaha hii ilikuwa ya Dodo kwenye hadithi hiyo. Wengine wakatazamana, maana kanisani hawakujua. Maman Furaha alikuwa anamsikiliza akiwa amegeuza kichwa upande mmoja.

"Minafikiri mulikuwa munachezaka kamari," akasema mbele ya wote.

"Hapana, maman. Ni hadithi."

"Na Dodo alikuwaka nani mule?"

"Alikuwa na mukuki murefu. Anasimama nyuma yangu."

"Nyuma? Hakukuwa chef, mukubwa wa wote?"

"Hapana. Alikuwa anaweza kuwa chef, hakutaka. Alichagua nyuma."

Maman Furaha akaitazama picha.

"Hata njiani," akasema. "Wakati tunatoka, tunakimbia vita. Nilikuwa namuita, Dodo, kuja mbele, uko mukubwa, utuongoze. Anakataa. Anatembea wa mwisho kabisa. Nilimugombeza sana juu ya ile." Akajifunika mdomo kwa kitenge.

Safari alikuwa hajui. Niliona kwamba alikuwa hajui, alikuwa mdogo mno wakati ule, alitembea mbele ya kaka yake njia nzima bila kugeuka. Alikaa chini. Mkono wake ulikuwa bado umeshika kipande cha boksi langu.

Watu waliendelea, wakamsema Dodo vizuri, wakaimba. Wakati wa chakula niliinuka nikaenda kwa wale wazee, mmoja mmoja, kuwaomba radhi. Yule aliyeangukia uzio alikataa mkono wangu. Alitikisa kichwa, akageuka, na ilikuwa haki yake, sikusema zaidi. Yule mama kijana alisema "ni sawa" bila kunitazama, mwanawe bado yumo kifuani. Yule bibi wa fimbo alinishika mkono, akaushika muda mrefu.

"Umenikimbiza," akasema. "Daktari aliniambiaka hii miguu imekwisha. Kumbe ingali inakimbia." Hakucheka, nami sikucheka. Alikuwa ananiarifu tu.

Nilipokuwa natoka, kwa geti lile lile, Safari alikuwa amesimama pale.

"Usilete tena kitu ya vile hapa," akasema. "Hata ya karatasi."

"Sitaleta."

"Ningali na hasira."

"Najua."

Akanifungulia geti. "Simama tumemuacha apumzike. Jumamosi yenye inakuja, ukikuja, utajiandikia mutu wako mupya."

Nilikwenda. Si Jumamosi ile, niliogopa, lakini iliyofuata nilikwenda, nikaandika mtu wangu kwa mwandiko wangu, na Safari alinipa kalamu bila maneno mengi. Hatujawa marafiki wa kupigiana simu. Tunacheza.

Ila ninyi ni watu wangu, nawaambia mnijue nilivyo sasa. Nikikabidhiwa kitu, hata kama ni kikombe, nauliza kilikuwa cha nani kabla sijakitolea utani. Na nikimkosea mtu siungi gundi, sikati boksi, siendi Cabramatta kutafuta mti. Naenda siku ile ile, mikono mitupu, nabisha mlango wa mbele, nangoja nifunguliwe, nasema nimekosa. Halafu nanyamaza, wao ndio waseme.